Kibali cha mnyama ni karatasi ya raia

Maneno ya kamarade mmoja wa mwendo wetu mbele ya vijana, Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa tatu. Tunayaweka hapa kama yalivyosemwa.



Naomba kitu kimoja kabla ya kuanza. Mwenye noti ya faranga 1000 mfukoni, aitoe na aiangalie vizuri. Upande mmoja kuko okapi. Upande wa pili kuko kasuku wetu wa rangi ya majivu. Na ile noti njo tunalipiaka taxi, njo tunanunuaka inite ya telefone. Nchi imechora wanyama hawa kwenye pesa yake kwa sababu ni sura yake. Hakuna nchi ingine duniani yenye okapi wa porini. Hakuna nchi ingine yenye bonobo wa porini. Ni sisi tu.

Swali langu la leo ni hili. Kama mutu, ao kampuni, ao zoo ya mbali inataka kumuchukua mnyama wa namna hii na kumuweka ndani ya uzio, inaomba ruhusa kwa nani? Inaulizwa maswali gani? Na sisi raia, tutajuaje kama maswali yaliulizwa kweli, ao kama watu walipiga muhuri tu na kugawana pesa?

«Batu beko na njala»

Najua vile wamoja wanawaza. Rafiki yangu wa katia aliniambia mbele ya watu: «Weye ulisoma droit miaka tano, kazi hauna, na sasa uko natetea makako? Batu beko na njala!» Tukacheka wote. Lakini nilimujibu, na leo ninajibu tena mbele yenu.

Ni kweli, niko na diploma ya sheria na kazi sina. Asubuhi ninapiga foto za diploma, ninagawa dosie kwenye maofisi, jioni ninarudi kwa mama na mikono mitupu. Siwezi kusahau njala, iko inakaa na mimi nyumba moja. Lakini nawaambia hivi: njala yetu haikuanguka kutoka mbinguni. Sehemu yake kubwa inatoka kwenye karatasi zilizotiwa sahihi gizani. Sisi watu wa Katanga tunajua mambo ya vibali kuliko wengi. Tumeona kilima kinahama, mto unageuka rangi, watu wanatolewa kwenye shamba zao, na kila mara kuko mutu mwenye karatasi na muhuri anasema: «Kila kitu kiko en règle.»

Kibali cha mnyama ni ndugu wa kibali cha mgodi. Ofisi ni zilezile, desturi ni ileile. Tofauti ni moja tu: kwa mnyama, uongo unaonekana haraka, juu mnyama hawezi kufichwa ndani ya hesabu. Yuko ao hayuko. Alizaliwa nyumbani ao alikamatwa porini. Kwa hiyo, kijana anayetaka kujifunza namna ya kuuliza serikali maswali, aanzie hapa. Akijua kusoma kibali cha gorila, kesho atajua kusoma mkataba wa kobalti.

Sheria inasema nini

Tumechagua siku ya leo kwa sababu. Tarehe 3 mwezi wa tatu 1973, kule Washington, nchi mbalimbali zilitia sahihi mapatano juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Tunayaitaka CITES. Yalianza kufanya kazi mwaka 1975. Nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, iliingia mwaka 1976. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba hii ni sheria ya wazungu isiyotuhusu. Tuliingia wenyewe, karibu miaka 50 iliyopita.

Mapatano yale yanagawa viumbe kwenye orodha tatu. Orodha ya kwanza ni ya wale wanaoweza kuisha kabisa. Kuko gorila, kuko sokomutu, kuko bonobo. Kasuku wa noti yetu aliingizwa humo kwa uamuzi uliochukuliwa Johannesburg mwaka 2016. Kwa wanyama wa orodha hii, kuwatoa porini kwa biashara ni mlango uliofungwa.

Lakini pembeni ya mlango ule mkubwa kuko mlango mudogo. Ni mlango wa taasisi: zoo, chuo kikuu, kituo cha kuzalisha wanyama, kituo cha kulea mayatima. Taasisi inaweza kuomba, na sheria inakubali kuisikiliza. Mlango ule mudogo uko na funguo mbili, na funguo hizo haziko katika mkono mmoja.

Ufunguo wa kwanza uko kwa nchi inayopokea. Hiyo njo inatangulia. Wataalamu wake wa sayansi wanapashwa kusema kwamba sababu ya kumuingiza mnyama haitaharibu maisha ya wenzake waliobaki, na kwamba nyumba inayomupokea iko na vyombo na watu wa kumutunza. Kisha ofisi ya serikali inapashwa kuhakikisha kwamba mnyama haendi kutumiwa hasa kwa biashara.

Ufunguo wa pili uko kwa nchi inayotoa. Kwa upande wetu, mambo haya yanapita kwa Wizara ya Mazingira na ICCN. Nchi inayotoa inapashwa kuhakikisha kwamba kumutoa mnyama yule hakutaangusha jamii yake. Kwamba alipatikana bila kuvunja sheria ya nchi. Kwamba atasafirishwa bila kuumizwa. Na kwamba ruhusa ya kumupokea imekwisha kutolewa kule anakokwenda. Bila ile karatasi ya kwanza, karatasi ya pili haipashwi kuandikwa.

Ukitaka kushika haya yote kichwani, shika maswali manne:

Moja: alitoka wapi?
Mbili: akiondoka, wenzake watabaki salama?
Tatu: nyumba inayomungojea iko tayari?
Ine: anakwenda kufanya nini kule?

Jambo lingine la kujua: kibali cha kutoa mnyama kinaishi miezi 6 tu, na kila safari inaomba karatasi yake. Ukiona mutu anatembea na kibali cha mwaka jana, ao kibali kimoja kwa safari tatu, yule hana kibali.

Na juu ya CITES kuko sheria zetu wenyewe. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 iko na orodha ya wanyama wanaolindwa kabisa. Kuko tena sheria ya kulinda mazingira ya asili ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014. Hizi hazingoje ndege iondoke. Zinamuhusu hata bwana mkubwa anayefunga sokomutu nyuma ya nyumba yake hapa mjini ili wageni wapige foto.

Herufi moja inatosha kudanganya

Sasa tuingie kwenye ujanja. Kwenye kibali, asili ya mnyama inaandikwa kwa herufi moja tu. W maana yake alitolewa porini. C maana yake alizaliwa kwenye ufugaji, kwa wazazi waliokuwa wanafugwa. Kuko tena herufi ya sababu ya safari: Z ni kwa zoo, T ni kwa biashara.

Munaona hatari iko wapi. Mnyama aliyezaliwa kwenye ufugaji, sheria inamuruhusu mambo mengi, juu kumuhamisha hakupunguzi pori. Basi mwizi hana haja ya kuvunja uzio wa mutu. Anabadilisha W kuwa C. Kwa kalamu moja, mtoto wa porini anageuka mtoto wa nyumbani.

Ilifanyika kule Guinea. Kati ya 2009 na 2011, sokomutu zaidi ya 100 walipelekwa Uchina kwa vibali vyenye herufi C. Sasa uliza swali la kwanza, lile rahisi kabisa: alitoka wapi? Guinea haikuwa na kituo hata kimoja cha kuzalisha sokomutu. Hata kimoja! Herufi C ilikuwa ya uongo, na watu wa nchi zote mbili waliisoma na wakaipitisha. Mwaka 2013 CITES ikasimamisha biashara na Guinea. Mwaka 2015 mutu aliyekuwa mkuu wa ofisi ya CITES ya nchi ile akakamatwa. Lakini wale sokomutu walikuwa wamekwenda zamani.

Ilifanyika vilevile kwa gorila wane. Mwaka 2002 walifika zoo ya Taiping, Malaysia. Karatasi zilisema walizaliwa kwenye zoo ya chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria. Uongo. Walikamatwa porini, Kameruni. Malaysia ikawatoa na kuwapeleka Pretoria, Afrika ya Kusini, mwaka 2004. Walirudi kwao Kameruni mwaka 2007, kwenye kituo cha Limbe. Miaka 5 kwa sababu ya karatasi moja. Na muangalie vizuri, wandugu: aliyetajwa kwenye kibali hakuwa mwizi wa soko la usiku. Ilikuwa zoo ya chuo kikuu. Jina la taasisi linaweza kutumika kama shati jeupe juu ya mwili muchafu.

Hata kwetu hapa karibu. Mwaka 2020, makako zaidi ya 20 kutoka Kongo walikamatwa kule Zimbabwe, na karatasi za uongo. Walirudishwa hapa Lubumbashi mwaka uliofuata, wakapokelewa na kituo cha J.A.C.K. Walipita mipaka mbele ya kusimamishwa. Kwenye kila mpaka kulikuwa mutu aliyelipwa mshahara ili asome karatasi.

Barua ya mwaka 2017

Tufike nyumbani kabisa. Mwaka 2017 habari za barua moja ya Wizara ya Mazingira zilijulikana hadharani. Barua ilikuwa kwa kampuni moja ya biashara ya Uchina, na ilikuwa inakubali ombi lake la kupewa wanyama wetu kwa ajili ya zoo, moja ikiwa ile ya Taiyuan. Musikilize hesabu: gorila wa milima 12, bonobo 16, sokomutu 16, nguva wa mtoni 8, okapi 20.

Chukueni maswali yetu manne.

Alitoka wapi? Gorila wa milima hafugwi kwenye zoo hata moja duniani. Wanaoonyeshwa kwenye zoo ni gorila wa mabondeni. Wa milima wanaishi kwenye Virunga na volkano za jirani kwa Rwanda na Uganda, na kwenye msitu wa Bwindi kule Uganda. Waliowahi kulelewa na watu kwa muda mrefu ni mayatima wa kituo cha Senkwekwe, Rumangabo, ambao familia zao ziliuawa ao walinaswa kwenye mitego. Basi 12 watatoka wapi? Jibu ni moja tu: porini. Na mutu aliyewahi kusikia habari za gorila anajua kwamba familia haitoi mtoto wake. Ili uchukue mudogo, unaua wakubwa wanaomulinda. Ukiandika 12 kwenye barua, porini umeandika hesabu kubwa kuliko 12.

Wenzake watabaki salama? Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha gorila wa milima zaidi kidogo ya 1000, dunia nzima. Wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha hapa wanawazidi mara nyingi.

Nyumba iko tayari? Nani alikwenda kuangalia? Nani aliandika ripoti? Raia tuliisoma wapi?

Anakwenda kufanya nini? Mwenye kuomba alikuwa kampuni ya biashara. Mimi nimesoma sheria, lakini hapa hata dada anayeuza mukate kwenye kona anaweza kutoa hukumu.

Na okapi? Wakati ule okapi hakuwa hata kwenye orodha za CITES. Ulinzi wake ulikuwa sheria ya kwetu. Maana yake hakukuwa mutu wa Geneva wa kusimamisha kitu. Tulikuwa sisi tu, na sheria yetu, na ofisi zetu.

Kelele zilipigwa, hapa na ng'ambo. Lakini mimi sitaki tuishi kwa kungoja barua itoke kwa bahati. Jambo linalonisumbua ni kwamba hesabu ilikuwa imeandikwa, na majibu ya yale maswali manne hakuna raia aliyeonyeshwa. Walianza na mwisho. Kama tungekuwa na desturi ya kutangaza ombi kabla ya sahihi, ile barua isingefika hata nusu ya njia.

Panda hauzwi

Kuko watu watasema: kamarade anachukia zoo, anachukia Wachina. Hapana. Nitasema wazi.

Zoo ziko za namna mbalimbali. Okapi wa kwanza kufika Ulaya akiwa hai alipelekwa Antwerpen mwaka 1919, wakati wa ukoloni, na hakuna Mukongo aliyeulizwa. Lakini leo zoo za Ulaya na Marekani zinazalisha okapi wao kwa wao, wanashika kitabu kimoja kinachoandika kila okapi, baba yake na mama yake, na kuko zoo zinazotuma pesa kwa kazi ya Epulu, Ituri. Mnyama mwenye jina, mwenye wazazi waliojulikana, mwenye kitabu: huyo anaweza kujibu swali la kwanza. Sisi hatukatai zoo yenye majibu.

Na Uchina yenyewe inatufundisha. Uchina haiuzake panda. Inakopesha. Nchi inayotaka panda inalipa kila mwaka, pesa nyingi, na mtoto akizaliwa kule ng'ambo anabaki mali ya Uchina. Wakati ukiisha, panda anarudi. Nchi inayojua bei ya mnyama wake kwa namna ile haiwezi kushangaa kama na sisi tunasema: ya kwetu pia haitoki vile. Tatizo halikuanza Beijing. Lilianza kwenye kalamu ya Kinshasa.

Nyumba iko tayari? Swali letu pia

Lakini tusiwaulize watu wa ng'ambo tu. Swali la tatu linatuhusu hapa.

Kongo iko na vituo vinavyolea mayatima. J.A.C.K. hapa Lubumbashi, tangu 2006. Lwiro, Kivu ya Kusini, tangu 2002. Lola ya Bonobo karibu na Kinshasa, iliyoanzishwa na Claudine André katika miaka ya 1990. GRACE kule Kasugho, Lubero, kwa gorila wa mabondeni. Senkwekwe kule Rumangabo. Katika vituo hivi wako Wakongo wanaoamka usiku kumupa sokomutu biberoni. Tuwaheshimu.

Tofauti kati ya kituo cha namna hii na zoo ya mufanya biashara ni hii: kituo cha mayatima hakinunue mnyama. Kinapokea yule aliyekamatwa na wakubwa wa sheria. Siku kituo kinatoa hata dolari moja ili kipate mtoto wa sokomutu, mwindaji anarudi porini kutafuta mwingine. Kwa hiyo mukisikia mutu anasema «nilimununua kwa kumuhurumia», mumwambie kwa upole: mzee, ulilipia risasi inayofuata.

Kuwa tayari si kuwa na uzio na ndizi tu. Ni kuwa na muganga wa wanyama, chakula cha kila siku kwa miaka mingi, maana sokomutu anaweza kuishi miaka zaidi ya 50. Ni kuwa na usalama. Tarehe 24 mwezi wa sita 2012, watu wenye silaha walishambulia Epulu. Waliua watu, na waliua okapi 14 wa kile kituo. Hapa Lubumbashi, mwezi wa tisa 2022, wezi waliingia J.A.C.K. usiku, wakachukua watoto watatu wa sokomutu, wakaomba pesa ili wawarudishe. Wanyama wametekwa nyara kama watu! Lile lilitokea katika mji wetu, na wengi wetu tulisambaza habari kwenye telefone siku mbili, tukarudi kwenye mpira.

Sasa uliza: ni nani aliandika masharti ya usalama ya kila nyumba inayofuga mnyama anayelindwa katika nchi hii? Inakaguliwa mara ngapi kwa mwaka? Ripoti iko wapi? Na zile hoteli na zile baa ambako makako amefungwa kamba kiunoni, watu wanamupa pombe wanacheka, kibali kiko ukuta gani?

Nilijaribu kuuliza. Nilikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja. Niliomba tu kuona orodha ya nyumba zilizo na ruhusa ya kuweka wanyama wanaolindwa katika jimbo. Wakaniuliza ninatumwa na nani. Nikasema ninatumwa na kadi yangu ya uchaguzi. Wakaniambia chef amesafiri. Nilirudi mara ya pili, chef alikuwa mkutanoni. Mara ya tatu mlinzi akaniambia kwa sauti ya chini: «Yaya, leta kitu ya chef, karatasi itaonekana.» Yaani karatasi ipo, na inauzwa. Ama haipo, na bado inauzwa. Sijajua ni lipi mbaya zaidi.

Tunaomba nini

Wandugu, hatuombi kitu kipya. Amri ya Waziri Mkuu ya mwezi wa tano 2011 ilisema mikataba ya mali ya asili itangazwe ndani ya siku 60. Haikuheshimiwa kila mara, lakini ilifungua mlango: leo mutu anaweza kusoma mikataba ya migodi ambayo zamani ilifichwa. Basi okapi si mali ya asili? Gorila si mali ya asili? Tunachoomba ni kwamba dirisha lililofunguliwa kwa shaba lifunguliwe kwa kitu chenye pumzi.

Tunaomba mambo matano.

1. Orodha ya wazi ya kila taasisi yenye ruhusa ya kuweka wanyama wanaolindwa hapa Kongo: jina, mahali, wanyama wangapi, wa namna gani, walitoka wapi. Ibandikwe kwenye ofisi ya kila jimbo na iwekwe kwenye intaneti.

2. Kila ombi la kutoa mnyama wa orodha ya kwanza, na kila ombi la kutoa okapi, litangazwe siku 30 kabla ya sahihi, pamoja na majibu ya maswali manne.

3. Maoni ya wataalamu wa sayansi yatoke pamoja na kibali. Mwenye kusema «hakuna hatari» aweke jina lake chini.

4. Ukaguzi wa kila kituo na kila zoo, angalau mara moja kwa mwaka, na ripoti isomwe na watu wa jimbo. Nchi hii iko na vijana waliosoma biolojia, uganga wa wanyama, sheria, wanaolala nyumbani bila kazi. Wakaguzi hawatakosa.

5. Mnyama yeyote aliyetoka kwa karatasi ya uongo adaiwe arudi, kama wale gorila wane walivyorudi Kameruni. Na aliyetia sahihi aende mbele ya tribinali, hata kama ni mutu mkubwa.

Na sisi wenyewe tufanye nini? Tuanze na vitu vidogo. Usinunue mnyama wa porini, hata kwa huruma. Usipige foto na mtoto wa sokomutu ukaiweka kwenye telefone yako, juu ile foto inaamsha hamu ya mutu mwenye pesa. Ukiona mnyama wa namna hii amefungwa mahali, usiende kuvunja uzio, sisi si watu wa vurugu. Andika siku, saa, mahali, utuletee. Tutabisha hodi tukiwa wengi, mchana, tukiwa na sheria mkononi, na tutauliza: kibali kiko wapi? Kilitolewa siku gani? Herufi ni gani?

Mutu mmoja akiuliza, wanamwambia chef amesafiri. Watu 50 wakiuliza swali lilelile, wiki kwa wiki, chef anarudi safari.

Wandugu, rudisheni noti zenu mfukoni, zisipotee, maisha ni magumu. Kuanzia wiki ijayo tunagawana komini saba za mji huu, vikundi vya watu watano watano, ili tuandike orodha yetu wenyewe ya mahali ambapo wanyama wamefungwa. Serikali ikikataa kuandika, raia wataandika. Wenye kalamu na wenye miguu, majina yenu tunayachukua pale mlangoni.

Kibali ni cha nani? Cha raia!
Kibali ni cha nani? Cha raia!